Taobao
Taobao ni soko la mtandaoni la nchini China lililoanzishwa mwaka 2003 na kampuni ya Alibaba ya mjini Hangzhou. Wakati huo biashara hiyo ilitawaliwa na eBay ya Marekani, iliyonunua tovuti ya EachNet. Wauzaji walibaki eBay kwa sababu wanunuzi wengi walikuwa huko, na wanunuzi walifuata wauzaji.

Taobao haikuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, ikawawezesha kuzungumza na wanunuzi moja kwa moja. Pia ilitumia Alipay, mfumo unaoshikilia fedha mpaka mnunuzi athibitishe kwamba amepokea mzigo. Hivyo watu wasiofahamiana waliuziana bila hofu kubwa ya kutapeliwa. Desemba 2006 eBay ilitangaza kufunga tovuti yake ya China.