Ritifaa Iliyowagawa Majaji

Tarehe 26 Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi kuhusu sheria ya adhabu ya kifo ya jimbo la Kansas. Majaji waligawanyika, watano kwa wanne. Mgawanyiko ulifika hadi kwenye tahajia: Jaji Clarence Thomas, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alionyesha umiliki wa jimbo kwa kuandika Kansas', Jaji David Souter, aliyepinga, aliandika Kansas's.

Katika Kiswahili tunasema "sheria ya Kansas" na jina linabaki lilivyo. Kiingereza hubandika umiliki kwenye jina lenyewe: ritifaa, alama ileile iliyo katika neno ng'ombe, kisha s. Jina likiwa tayari lina s mwishoni, waandishi huachana njia.

Chanzo ni cha zamani. Kiingereza cha kale kiliongeza -es kwenye nomino nyingi ili kuonyesha umiliki, na kwa karne kadhaa irabu hiyo ikafifia katika matamshi. Karne ya 16 ritifaa ikaingia Uingereza kutoka Ufaransa, ikiwa alama ya herufi iliyoachwa, na baadaye ikawa alama ya umiliki. Kipindi hicho wengine waliandika his, yaani "yake", baada ya jina. Ben Jonson aliita tamthilia yake Sejanus His Fall, kwa maana ya Anguko la Sejanus. Kwa jina kama hilo, mtindo huo uliepusha s mbili kugongana.

Uingereza haijawahi kuwa na chombo cha kusimamia lugha kama BAKITA ya Tanzania, hivyo kila mchapaji na mwalimu aliamua lake. Mwaka 1918 William Strunk, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifungua kitabu chake The Elements of Style kwa kanuni hii hasa: ongeza 's hata jina likiishia na s. Papo hapo akamwachilia Yesu (Jesus) na majina ya kale kama Moses.

Jimbo la Arkansas, Marekani, lilitumia bunge lake. Mwaka 1881 lilikuwa limeamua kwamba s ya mwisho ya jina hilo haitamkwi. Machi 2007 likapitisha azimio, lisilo na nguvu ya sheria, kwamba umiliki uandikwe Arkansas's. Hoja ilikuwa na mashiko: s isiyosikika haiwezi kubeba umiliki.

Mwaka 2024 Kamala Harris alipogombea urais, shirika la habari la AP liliandika Harris', gazeti la New York Times likaandika Harris's.

Anayeandika Kiingereza leo achague njia moja na kuifuata mwanzo hadi mwisho. Ila majina rasmi ayaache kama wenyewe wanavyoyaandika: bustani ya London ni St James's Park, uwanja wa Newcastle United ni St James' Park.