Mwalimu wa Köln na Mkondo wa Umeme

Georg Simon Ohm, ambaye babake alikuwa fundi wa makufuli mjini Erlangen, alikuwa mwalimu wa skuli huko Köln alipozipima kwa subira adhimu nyaya za urefu mbalimbali. Na kwa kuwa betri za zama zile hazikutulia, alitumia jozi ya bismathi na shaba, ncha moja katika maji yachemkayo, ya pili barafuni, hata akabaini kwamba ukinzani ukizidi, mkondo hupungua kwa nisba ile ile, madhali volti hazibadiliki. Basi omu 4 zikipitisha ampea 6, zidisha upate volti 24. Penye omu 12, gawa volti hizo kwa 12: ampea 2. Kitabu chake cha 1827 kilipuuzwa kwao, nayo ilikuwa dhuluma. Lakini Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley mwaka 1841.