Mlinzi wa Lango la Barua

Natumaini kwamba ninyi mlio darasani Nkoaranga, na wengine wote mnaotusikiliza katika vituo vya elimu ya watu wazima kando ya Mlima Meru, mmekwisha kaa tayari na daftari zenu. Leo tutasoma historia ya lango la barua pepe. Barua pepe, kama mjuavyo, ni barua iendayo kwa mtandao toka kompyuta hii hata ile, au toka simu hata simu. Kompyuta inayozipokea na kuzitunza barua za ofisi nzima huitwa seva. Mbele ya seva huwekwa lango, yaani mashine yenye programu ya kuchuja, ili barua ya kweli ipite na barua taka izuiwe. Barua taka ni matangazo na ulaghai ambao hukuuomba.

Msidhani kwamba jambo hili ni la wataalamu tu. Mkulima wa kahawa ajua kuchuja. Kahawa mbivu ikiisha chumwa hutiwa majini; iliyo nyepesi huelea, ikaenguliwa, na iliyo nzito huzama. Maji yaweza kufanya kazi hiyo kwa sababu kahawa mbovu ni nyepesi. Lakini barua ya mwongo na barua ya mkweli zina uzito mmoja. Hiyo ndiyo taabu yetu, na historia ya lango ni historia ya watu waliotafuta maji ya kuzitenga.

Nani hulipa?

Zamani huko Uingereza, mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa gharama ya barua. Mwaka 1840 ikatolewa stempu, na mtumaji akaanza kulipa kwanza. Stempu ile ilikuwa lango zuri, kwa maana mtu hawezi kutuma barua elfu kumi za upuuzi bila ya kununua stempu elfu kumi.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson wa Marekani alituma barua ya kwanza toka kompyuta moja hata nyingine kwa njia ya mtandao. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ tunayoiona katika anwani hata leo. Barua hizo hazikuhitaji stempu. Haukupita muda mrefu, tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, akapeleka tangazo la biashara kwa watu wapatao 400 ambao hawakuliomba. Wengi walikasirika.

Hata hivyo, Jonathan Postel alipoandika kanuni za kupelekeana barua mwaka 1982, hakuweka sharti kwamba mtumaji athibitishe jina lake. Watu wa mtandao walikuwa wachache bado, na wengi walijuana. Ilikuwa kama nyumba isiyo na komeo katika kijiji cha ndugu watupu. Basi mtandao ukapanuka, wageni wakaingia, na komeo halikuwapo. Mwezi wa Aprili 1994 wanasheria wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, wakatapakaza tangazo lao katika maelfu ya mabaraza ya mazungumzo ya mtandao. Tangu hapo biashara ya taka ikastawi.

Kwetu Afrika Mashariki taabu hiyo ilikuwa na uchungu wa pekee. Kabla waya wa baharini wa Seacom haujaanza kazi Dar es Salaam, Julai 2009, mawasiliano yetu mengi ya mtandao na nchi za nje yalipita kwa setilaiti, na njia ile ilikuwa nyembamba tena ghali. Ofisi iliyopokea barua taka mia moja ilizilipia zote. Tazameni, tulikuwa tumerudi nyuma ya mwaka 1840: mtumaji hatoi kitu, mpokeaji ndiye alipaye.

Jinsi lango linavyopangwa

Kwanza, kuna daftari la majina la mtandao ambalo kila kompyuta hulitazama kabla ya kupeleka barua. Humo fundi huandika anwani ya lango, wala si ya seva yenyewe, ili kila mgeni afike langoni kwanza. Kisha hulipa lango orodha ya watu wa nyumba. Anayemtafuta mtu asiyekuwamo hukataliwa pale pale, kabla hajatua mzigo wake. Kukataa mapema namna hii ndiko kulikookoa fedha za setilaiti. Tena lango likatazwe kuwapelekea wageni barua za wageni wenzao, ama sivyo walaghai watalifanya punda wao.

Pili, lango huuliza habari za mgeni. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake huko Marekani walianzisha orodha ya mashine zilizojulikana kwa kutuma taka. Aliyemo hafunguliwi.

Tatu, lango hupima subira. Mwaka 2003 Evan Harris alieleza hila nyepesi: mgeni asiyejulikana huambiwa, "Rudi baadaye kidogo." Seva ya kweli hurudi, maana ndivyo kanuni zinavyotaka. Mashine nyingi za walaghai hazina subira hiyo, huenda zao.

Nne, lango hutaka uthibitisho wa jina. Kwa kanuni ya mwaka 2006, mwenye jina hutangaza ni mashine zipi zenye ruhusa ya kupeleka barua kwa jina lake. Kwa ile ya mwaka 2007, barua hutiwa sahihi ya siri ambayo mwingine hawezi kuigiza. Kosa la mwaka 1982 lilianza kurekebishwa hivyo, polepole. Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zikaanza kuwadai uthibitisho wa namna hii wote wanaowapelekea wateja wao barua kwa wingi.

Tano, lango husoma maneno. Mchungaji mmoja wa Uingereza, Thomas Bayes, aliyefariki mwaka 1761, aliacha hesabu ya kupima jinsi jambo linavyoelekea kuwa kweli kwa kufuata dalili zake. Mwaka 2002 Paul Graham akaandika makala iliyoieneza hesabu hiyo katika kazi ya kuchuja barua. Programu huonyeshwa barua nyingi njema na nyingi mbaya, nayo huhesabu kila neno hupatikana zaidi upande upi. Programu iitwayo SpamAssassin hujumlisha dalili kwa pointi. Zikifika 5, kwa mpango wake wa kawaida, barua huhesabiwa kuwa taka.

Barua ya mtu asiyejulikana

Hapa sikilizeni vizuri. Chukueni mfano wa hospitali, kama hii yetu ya Nkoaranga. Barua zake zina majina ya dawa, na walaghai wanaouza dawa za uongo hutumia majina yale yale. Tena lango lililofundishwa kwa barua za Kiingereza halijui Kiswahili. Barua taka ikipita, mtu hupoteza dakika moja kuifuta. Lakini majibu ya vipimo yakizuiwa, mgonjwa aweza kuumia, wala hapana atakayejua kwa nini.

Tena tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wameru wakapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na wakili Earle Seaton, akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini ulimwengu ulisikia. Ilikuwaje wasikike? Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiliruhusu malalamiko ya watu wa nchi zilizokuwa chini ya udhamini yapokewe na kuchunguzwa. Lango lile lilikuwa na kanuni ya kumsikiliza hata mtu asiyejulikana. Kama lingemfungulia anayejulikana peke yake, nani New York alimjua mkulima wa Meru?

Kwa hiyo lango jema lina kazi mbili: kumzuia mwongo, na kumlinda mkweli ambaye bado hatujamjua. Barua yenye mashaka isitupwe bali iwekwe kando, na pawepo mtu wa kuikagua kila siku. Programu ifundishwe kwa barua za mahali penyewe, Kiswahili kikiwamo. Tena anayekataliwa aambiwe kwamba amekataliwa, ili ajaribu njia nyingine.

Ninyi nanyi mna lango mfukoni. Ujumbe wa simu usemao, "Ile pesa itume kwenye namba hii," wengi wenu mmeupata. Huo hutegemea kwamba kweli kuna mtu uliyemwahidi fedha. Msitume kabla ya kumpigia mtu huyo kwa namba yake mliyoizoea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuwatumia watu ujumbe wasiouomba kwa nia ya kutenda kosa, na namba 15040 imewekwa kwa kuripoti namba za matapeli. Itumieni.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Stempu ya mwaka 1840 ilizuiaje barua za upuuzi, na kwa nini barua pepe haina kizuizi hicho?
2. Ni hatua ipi ya lango iliyookoa fedha za setilaiti? Elezeni kwa nini.
3. Kama ninyi ndio walinzi wa lango la hospitali, mngeogopa zaidi lipi: taka kupita, au barua ya kweli kuzuiwa?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.