Dizeli safi imefika Afrika Mashariki, mbona moshi mweusi bado upo?

Lori lililobeba mchanga likianza kupanda mlima, wenye magari madogo nyuma yake hufunga vioo. Dereva wa bodaboda hana kioo cha kufunga. Muuza mahindi ya kuchoma pembeni ya barabara naye hana pa kukimbilia, na moshi huo atauvuta kutwa nzima.

Cha kushangaza, mafuta yaliyomo kwenye tangi la lori hilo si yale ya zamani. Tangu Januari 1, 2015, nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zinatumia kiwango kimoja cha dizeli chenye salfa kidogo zaidi kuliko awali.

Sasa kama mafuta yalisafishwa, moshi unatoka wapi? Jibu fupi: mafuta yalibadilika, injini hazikubadilika. Na injini ya dizeli haifi haraka. Ikitunzwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, hupiga kazi miaka 20 au 30.

Moshi wa dizeli una nini ndani yake?

Weusi unaoonekana ni masizi, yaani chembe za kaboni ambazo hazikuungua vizuri. Lakini zenye hatari zaidi ni zile zisizoonekana. Kitaalamu huitwa PM2.5, chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hizo kwa takriban mara 30.

Kwa udogo huo, chembe hizo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu. Zinahusishwa na pumu, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani.

Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulihusu saratani ya mapafu.

Mbali na masizi, dizeli hutoa oksidi za naitrojeni. Hizi ni gesi zinazowasha koo na kifua, na jua likizipiga huchangia kutengeneza ozoni karibu na ardhi.

Salfa inahusika vipi?

Salfa huja na mafuta ghafi kutoka ardhini. Kiwanda kisipoiondoa, inaungua ndani ya injini na kutoka kama gesi pamoja na chembe za salfeti. Pia hutengeneza asidi inayokula vyuma vya injini.

Kipimo chake ni ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Tani moja ya dizeli ya 500 ppm ina nusu kilo ya salfa. Tani hiyo hiyo ikiwa ya 50 ppm ina gramu 50 tu. Ulaya ilishafika 10 ppm tangu mwaka 2009.

Kupunguza salfa peke yake hupunguza chembe kiasi, hata kwenye lori la zamani. Ila faida kubwa iko kwingine. Salfa huharibu vifaa vya kusafisha moshi, kwani huvifunika na kuvifanya vishindwe kazi. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mpangilio: mafuta safi kwanza, kifaa baadaye. Ukifunga kifaa cha bei mbaya kwenye gari linalonyweshwa dizeli chafu, umetupa hela.

Afrika Mashariki ilivukaje?

Kabla ya 2015, dizeli ya 500 ppm ilikuwa ya kawaida sokoni. Ile iliyosafishwa kwenye kiwanda cha Mombasa ilikuwa na salfa nyingi zaidi. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo ukanda huu ukategemea mafuta yaliyokwisha kusafishwa, yanayoshushwa kwenye bandari kama Mombasa na Dar es Salaam.

Hali hiyo ilirahisisha mambo. Hakukuwa na mtambo mkongwe wa kufumua na kujenga upya kwa mabilioni. Kilichohitajika ni nchi kukubaliana na kuandika kwenye zabuni: leteni dizeli isiyozidi 50 ppm. Msukumo ulitoka pia kwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake makuu Nairobi, ambalo kupitia ushirikiano ulioanzishwa mwaka 2002 lilikuwa tayari limesaidia kuiondoa petroli yenye risasi katika sehemu kubwa ya Afrika.

Si kila mtu alifika hapo kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 shirika la Public Eye la Uswisi lilichapisha ripoti iliyoonyesha dizeli yenye salfa nyingi mno, isiyoruhusiwa Ulaya, ikiuzwa katika nchi kadhaa za Afrika, hasa za magharibi. Ghana ilihamia 50 ppm mwaka uliofuata.

Kwa maneno mengine, Afrika Mashariki iliwahi. Swali ni imeitumiaje nafasi hiyo.

Injini ya zamani inaweza kufungwa nini?

Kuna njia kuu mbili za kusafisha moshi wa injini iliyopo bila kununua gari jipya.

Ya kwanza ni katalisti ya uoksidishaji. Ni kopo la chuma linalofungwa kwenye ekzosi, ndani yake kukiwa na matundu madogo yaliyopakwa madini kama platini. Moshi ukipita, sehemu ya sumu huunguzwa. Hupunguza chembe kwa asilimia 20 hadi 40 hivi, pamoja na sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi. Haihitaji uangalizi mkubwa na bei yake ni nafuu ukilinganisha na kifaa cha pili.

Ya pili ni kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF. Hiki huulazimisha moshi kupita kwenye kuta zenye vitundu vidogo sana, masizi yanabaki, hewa inatoka. Kikifanya kazi vizuri hukamata zaidi ya asilimia 85 ya chembe. Gari likitembea, hata kitambaa cheupe mdomoni mwa ekzosi hakichafuki kirahisi.

Shida ni kwamba masizi hujaa, na lazima yaunguzwe humo humo. Yenyewe huungua kwenye joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi. Katalisti husaidia kushusha joto hilo hadi karibu nusu. Lori la safari ndefu hulifikia bila shida. Daladala au matatu inayosota kwenye foleni, ikizimwa na kuwashwa kila kituo, inaweza isilifikie siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kufunga kichujio, fundi hutakiwa kupima joto la ekzosi la gari husika likiwa kazini.

Vifaa hivi viwili haviondoi oksidi za naitrojeni kwa kiasi cha maana. Kwa hizo hutumika mfumo mwingine unaopulizia maji ya urea kwenye moshi, unaopatikana zaidi kwenye malori mapya.

Vipi kuhusu kubadili gari litumie gesi asilia, jambo lililoshika kasi Dar es Salaam? Kwa magari ya petroli ni kazi rahisi kiasi. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia, huunguza mafuta kwa mgandamizo. Kuibadili kunataka ama kuchanganya gesi na dizeli, ama kuifumua na kuweka plagi. Inawezekana, lakini si kazi ya mchana mmoja.

Tokyo ilifanyaje?

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki hutoka Japani, na huko kuna somo.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli. Alikuwa akija mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi meusi, anaitikisa, watu waone wanachovuta.

Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha chembe. Mwenye gari la zamani alikuwa na chaguo: alibadilishe au alifunge kifaa kilichoidhinishwa. Serikali ilitoa ruzuku, na wakaguzi waliingia barabarani. Kampuni za mafuta za Japani nazo zilishusha salfa hadi 50 ppm mwaka 2003, kisha 10 ppm mwaka 2005.

Haikuwa safari laini. Novemba 2004 kampuni ya Mitsui ilikiri kwamba takwimu za majaribio ya vichujio vyake zilighushiwa ili vipate kibali. Zaidi ya 20,000 vilikuwa vimeshauzwa. Kumbe hata penye sheria na pesa, bila mtu wa kupima kifaa chenyewe, mwananchi anaweza kuuziwa kopo tupu.

Mbona huku vichujio vinatolewa?

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Wakati Tokyo ilikuwa ikifunga vichujio, kwenye gereji nyingi za Afrika Mashariki kazi inayoulizwa ni ya kuvitoa. Gari la dizeli linaingia nchini likiwa na DPF yake, baada ya muda taa inawaka kwenye dashibodi na nguvu inapungua. Fundi anakata kopo, anatoa kilichomo, analichomelea tena, kisha kompyuta ya gari inadanganywa kwamba kila kitu kipo.

Kwa mwenye gari, hesabu ni nyepesi. Kichujio kipya cha gari kubwa ni maelfu ya dola. Kukitoa ni sehemu ndogo ya pesa hiyo, na gari linarudi kazini siku hiyo hiyo. Hasara inabebwa na mwingine: muuza mahindi, kondakta, trafiki, mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Mara nyingi kichujio hicho hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kimejaa. Chanzo huwa ni nozeli zinazovuja, oili isiyo sahihi inayoacha majivu mengi, safari fupi fupi, au mafuta yaliyochakachuliwa.

Uchakachuaji ni tatizo la muda mrefu. Mafuta ya taa yakiwa rahisi kuliko dizeli, wajanja huyachanganya. Mafuta ya taa hayatengenezwi kwa masharti ya salfa ya dizeli ya magari, na hayalainishi pampu ipasavyo. Ndiyo sababu Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hatua hizo zilipunguza tamaa ya wachanganyaji, lakini ziliwaumiza pia wanaopikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo.

Bila kichujio, nini kinawezekana leo?

Kuna mengi, na kwa kuanzia rangi ya moshi husema.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia filta ya hewa, nozeli, turbo, na uzito wa mzigo. Kuna wanaofungua pampu makusudi ili gari livute zaidi. Hapo linakula mafuta na kutema masizi.

Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Ringi au sili za valvu zimechoka.

Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto: dizeli haiungui vizuri, au maji ya kupozea yanaingia kwenye silinda.

Kurekebisha kasoro hizi hakufikii kazi ya kichujio, lakini hupunguza moshi na kuokoa mafuta, hivyo mwenye gari ana sababu ya mfukoni ya kuzirekebisha. Kuzima injini wakati wa kusubiri abiria nako hakugharimu kitu.

Nani asukume?

Kanuni za ubora wa hewa zipo: Tanzania tangu 2007, Kenya tangu 2014. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Lakini masharti ya kuingiza hayaligusi lori ambalo tayari liko barabarani.

Kwa hayo, kipimo cha moshi wakati wa ukaguzi ndicho chombo cha karibu zaidi. Mashine yake huingizwa kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta, na namba inatoka papo hapo. Mkaguzi anaweza pia kuangalia kama gari lililokuja na DPF bado linayo.

Kuhusu gharama, si sahihi kumtwisha mwenye daladala moja mzigo ambao Tokyo iliusaidia kwa ruzuku. Marekani nayo tangu 2005 ina sheria inayotoa fedha za umma kusafisha au kubadilisha injini kuukuu za dizeli. Magari yanayomilikiwa kwa wingi na mtu au taasisi moja, kama mabasi ya mijini, malori ya taka na magari ya serikali, ndiyo rahisi kuanza nayo: yanalala sehemu moja, yana mafundi wao, na njia zake zinajulikana.

Mafuta yanayoruhusu kazi hiyo kufanyika yako kwenye pampu tangu 2015.