Ndege ikiuzwa, rubani anaenda wapi?

Nimekulia Silanga, ile sehemu ya Kibera inayoangalia bwawa la Nairobi. Ukivuka bwawa na Barabara ya Langata unafika Uwanja wa Ndege wa Wilson, kwa hivyo sisi watoto wa Silanga tulijua ndege kwa sauti kabla ya kujua kusoma vizuri. Binamu yangu wa Kawangware alikuwa anakuja likizo, anakaa kwa mawe pale bwawani mchana mzima. Hii Caravan. Hii Fokker. Shangazi akipiga simu kuuliza kama amekula, tunadanganya.

Huyo binamu leo ana leseni ya urubani wa biashara na saa 200 za kuruka. Shangazi aliuza shamba ndio zipatikane. Na sasa hivi, ukishuka stage ya 46 Kawangware, utamkuta akiuza kava za simu. Kampuni moja ilimwambia arudi akiwa na saa 500. Hizo 300 zingine atazitoa wapi, hawakusema.

Watu mtaani wanasema alidanganywa na shule. Mimi nimekaa nikasoma historia kidogo, na naona hii kitu ni ya zamani kuliko sisi wote.

Anza na Wilson yenyewe. Mwaka wa 1929 mama mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha Wilson Airways akiwa na kindege kimoja cha Gipsy Moth na rubani aitwaye Tom Campbell Black. Kampuni ikakua, ikabeba barua na abiria miaka kumi. Vita vikaanza 1939, serikali ya kikoloni ikachukua ndege na marubani kwa shughuli za jeshi, na kampuni haikurudi tena. Uwanja ulipewa jina la huyo mama mwaka wa 1962, lakini kazi zilizokuwa pale zilikuwa zimeisha zamani.

Halafu ikaja East African Airways, 1946. Hapa ndipo patamu. Ilikuwa mali ya serikali za Afrika Mashariki kwa pamoja, na ukiangalia ndege zake ni kama kupanda ngazi: Dragon Rapide za mbao na kitambaa, kisha DC-3, kisha Argonaut, jeti ya Comet 1960, na Super VC10 mwaka wa 1966. Kila ndege mpya iliyoingia iliwavuta watu juu. Kapteni akihamia kubwa, anaacha kiti, naibu anakalia, na yule wa chini kabisa anapata nafasi ya kuingia.

Kwa wale hawajui: leseni ya rubani si kama ya matatu, eti ukijua kuendesha ya 46 utapewa hata ya Rongai. Ndege kubwa kila aina ina mafunzo yake na idhini yake inayoandikwa kwa leseni, na mafunzo hayo ni pesa ndefu. Ndiyo maana ndege ikiondoka, sehemu ya leseni yako inaondoka nayo.

Waliojua hilo ni watu wa 1977. Nchi tatu ziligombana, Jumuiya ikavunjika, East African Airways ikafa na madeni yake. Kenya Airways ilianza kuruka Februari mwaka huo kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka Uingereza. Na zile Super VC10? Moja ilikuwa imeanguka Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nne zilizobaki ziliishia Uingereza, zikageuzwa kuwa matangi ya kujazia ndege za kivita mafuta angani. Rubani aliyeiva kwa VC10 akabaki na idhini ya ndege ambayo nchi yake haina.

Ruka mpaka 2014. Kenya Airways inapokea Dreamliner, na Irene Koki Mutungi anakuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa kapteni wa 787. Sisi Silanga tunashangilia kwa simu ya jirani. Mwaka huohuo Jambojet inaanza na Boeing 737. Binamu alikuwa sekondari, na nakumbuka alichora ngazi yake nyuma ya daftari: Caravan, 737, Dreamliner.

Ngazi hiyo haikudumu. Kenya Airways ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na zaidi ya bilioni 26 uliofuata. Boeing 777 tatu zikakodishwa Turkish Airlines, Dreamliner mbili Oman Air. Makapteni nao wakafunga mizigo kwenda Ghuba. Ungedhani wakiondoka, vijana wa chini watapanda. Lakini nao wameondoka kwa sababu ndege zimepungua, sasa utapanda kwenda wapi? Jambojet kwa upande wake ikaacha 737 ikabaki na Dash 8-400 za propela. Kusema ukweli, hapo siwalaumu. Safari ya Kisumu haifiki saa nzima angani, na propela inakunywa mafuta kidogo. Hesabu ya kampuni ilikuwa sawa. Daftari la binamu ndilo lilikosea.

Machi 2020 Kenya ikafunga safari za kimataifa kwa sababu ya korona. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways wakagoma, na mtaani tukawaita walafi. Mimi pia niliwaita. Walikuwa wanadai pamoja na mengine michango ya akiba yao ya uzeeni, na nikiangalia miaka hii yote nyuma, naelewa kwa nini mtu wa kazi hiyo anashikilia akiba kuliko ahadi.

Kuna kitu kinaniudhi. Shirika ambalo serikali ina hisa linapoamua kuuza au kukodisha ndege, tunaambiwa bei na deni. Hatuambiwi kama kijana anayelipa mamilioni leo kwa shule za Wilson atakuta kiti. Mipango ya ndege hutengenezwa miaka mapema. Waiseme, wazazi wajue kabla ya kuuza shamba.

Jumapili binamu alikuja Silanga, tukakaa kwa mawe yaleyale. Amepata kazi Doha. Ni ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, mkataba wa miaka miwili, na wanataka ausaini kabla ya mwisho wa Novemba. Cheti chake cha afya cha urubani kinaisha Desemba, na kukifanya upya ni pesa. Shangazi hajaambiwa bado.