Kitumbua katika Uwanja wa Sikukuu

Ngano haistawi katika joto la pwani yetu. Unga wake ulitufikia kwa njia ya bahari. Mpunga na mnazi vilikuwa vyetu. Ndipo mabibi zetu walipoloweka mchele, wakautwanga, wakaukoroga kwa tui, sukari, iliki na hamira, wakaukaanga katika vyuma vyenye vishimo. Kitumbua hicho kikaingia katika viwanja vya Idi, kama vile Mnazi Mmoja, Unguja.

Wapo miongoni mwetu waliokibeza, wakitukuza mkate. Kumbe mwaka 1950 daktari Mholanzi, Willem Dicke, alionyesha katika tasnifu yake kwamba ngano huwadhuru watoto wenye ugonjwa fulani wa utumbo. Mtoto wa namna hiyo, au asiyepatana na maziwa ya ng'ombe, huwatazama tu wenzake wakila maandazi siku ya sikukuu. Kitumbua kilichopikwa nyumbani humrudisha karamuni, mradi kisitiwe unga wa ngano wala kisikaangwe kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi.

Basi, walimu na wanafunzi, tuwaendee mabibi zetu tuviandike vipimo vyao, kabla hawajaondoka navyo.