Joto la ndani ya nyumba Petta

Joto la ndani ya nyumba ni lile linalompata mtu akiwa chini ya paa lake mwenyewe, na mara nyingi hulishinda joto la nje. Makala hii inalieleza kama lilivyo Petta, gombolola (eneo dogo la utawala) ya kaunti ya West Budama katika Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, na katika vijiji vinavyofanana nayo kuelekea mpaka wa Kenya huko Malaba na Busia. Wenyeji wa Petta wengi wao ni Jopadhola, wakulima wa mtama, wimbi, muhogo na njugu. Eneo hili haliko hata digrii moja kutoka ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, za pili huanza Agosti na kukoma Novemba. Kuanzia Desemba hadi mapema Machi ni kiangazi, na hapo ndipo watu huanza kuzikimbia nyumba zao mchana. Hoja ya makala ni kwamba kinachowatoa ndani ni paa kuliko hali ya hewa, na kwamba anayetafuta nafuu aanze na paa kabla ya kufikiria umeme au mashine.

Kuna wanaosema Petta haina joto kali la kustahili kuandikiwa makala, na wana sababu. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Tororo haijui hewa ya namna hiyo. Alasiri ya Januari au Februari hewa ya nje huwa kati ya nyuzi 30 na 33, na usiku hushuka hadi nyuzi 18 au chini yake. Lakini kipimo hicho huchukuliwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu kilichowekwa mahali pa wazi. Hakuna anayeishi ndani ya kisanduku hicho. Anayeishi chini ya bati lisilo na dari hupokea joto la aina mbili kwa pamoja: la hewa anayoivuta, na la mionzi inayoshuka kutoka kwenye bati. Hili la pili kipimajoto cha hewa hakilisomi sawasawa, ila mwili hulisikia. Inua kiganja karibu na bati saa saba mchana, bila kuligusa, nawe utahisi kama umekielekeza kwenye jiko la makaa.

Chanzo chake ni jua la ikweta. Petta jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi, na saa sita mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima, likipita utosini penyewe mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua la ubavu tu. Za mashariki na magharibi huchomwa asubuhi na jioni. Paa hupigwa kutwa, na siku ya mbingu safi kila mita mraba ya paa hupokea hadi wati 1,000 hivi za nguvu ya jua. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko ukucha, haliwezi kuzuia chochote. Linachokipokea juu hukipitisha chini mara moja. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, lakini lile joto lililokwisha kuingia huliachia polepole mno. Bati lililoshika kutu halirudishi hata mwanga. Kwa hiyo mchana bati hufika nyuzi 60 na kupita. Mwenye nyumba hujua saa kwa sauti yake: asubuhi bati hutatarika linapotanuka, jioni hutatarika tena linaposinyaa, na mchezo huo wa kila siku ndio unaolegeza misumari na kuleta kuvuja mvua zinapofika.

Kuta nazo zina saa zao. Ukuta wa matofali ya kuchoma, au wa udongo mnene, huchukua saa nyingi kupitisha joto kutoka nje hadi ndani. Bati hupoa jua likizama tu, ilhali ukuta wa magharibi ulioanza kuchomwa saa tisa hutoa joto lake ndani kuanzia saa moja usiku hadi karibu saa sita, wakati watoto wanatakiwa kulala. Alfajiri mambo hugeuka: bati limekuwa baridi kuliko hewa, na aliyelala uchi saa tatu usiku hutafuta blanketi saa kumi. Nyumba ya bati isiyo na dari hivyo huwaadhibu wakazi wake mara mbili kwa siku, na dawa inayozuia joto la mchana huzuia pia baridi ya alfajiri.

Wapo watakaosema basi turudi kwenye nyasi. Ni kweli kwamba nyumba ya mviringo ya udongo, yenye paa nene la nyasi na upenu unaoshuka chini kufunika ukuta, ilikuwa jibu sahihi kwa jua hili. Hewa iliyonaswa kati ya nyasi haipitishi joto kwa urahisi. Lakini si haki kumshauri mkulima wa leo arudi huko. Nyasi nzuri za kuezekea zimepungua kadiri malisho na ardhi iliyopumzishwa zilivyogeuzwa mashamba; paa la nyasi linataka kuezekwa upya baada ya miaka michache; linashika moto, linaficha panya na nyoka, na maji yake ya mvua hayafai kukingwa kwa kunywa. Bati hudumu, hukinga maji safi, na mwenye nyumba ya bati huheshimika. Rwanda ilikwenda mbali zaidi, na kufikia 2011 ilikuwa imeendesha kampeni ya kitaifa ya kuondoa nyumba za nyasi nchi nzima. Kosa halikuwa kuchagua bati. Kosa lilikuwa kuhesabu bati peke yake kama paa zima, wakati nyasi zilikuwa zikifanya kazi tatu: kuzuia mvua, kuzuia joto na kutoa hewa chafu. Bati limerithi kazi ya kwanza, na hizo mbili nyingine zimebaki bila mtu.

Dari ndiyo inayozirudisha zote mbili, na Petta malighafi yake haihitaji kuagizwa mbali. Magharibi mwa wilaya, kwenye mabwawa yanayotiririkia mto Mpologoma, huota mafunjo yanayosukwa mikeka na kuuzwa sokoni. Mkeka wa mafunjo uliopigiliwa chini ya fito, kwa umbali wa kutosha kutoka kwenye bati, hukata mionzi kabla haijafika kichwani mwa mtu, na bua la funjo lina hewa ndani yake kama zilivyo nyasi. Ila dari isiyo na njia ya hewa juu yake ni nusu ya kazi. Nafasi kati ya mkeka na bati hujaa hewa ya moto, na hewa hiyo lazima itoke kupitia matundu yaliyoachwa kwenye kuta za pembetatu, pande zote mbili, juu kabisa chini ya kilele. Fundi akiyaziba kwa matofali ili ukuta upendeze, anaifungia nyumba joto. Pingamizi lililopo ni la haki: mafunjo huwaka. Nyumba inayotumia kibatari au mshumaa isitundike mkeka mahali ambapo moto unaweza kuufikia, na jikoni usiwekwe kabisa. Taa ndogo za sola zimepunguza hatari hii, hazijaimaliza. Mchwa na popo nao watakuja. Mkeka ukiwa wa kufunguka kipande kimoja kimoja, husafishwa na kubadilishwa bila kubomoa dari yote.

Baada ya dari huja rangi nyeupe. Mji wa Ahmedabad nchini India, uliopigwa na wimbi baya la joto mwaka 2010, uliweka mpango wa kukabili joto mwaka 2013, na mwaka 2017 ukaanza kupaka mapaa ya maskini rangi nyeupe ya chokaa. Tororo ina mawe ya chokaa ya kutosha, ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji miaka ya 1950, na chokaa huchomwa huko huko. Watu huuliza itakuwaje mvua ya Petta ikiiosha chokaa yote. Itaosha, na hilo halidhuru sana, kwa sababu kalenda ya mvua iko upande wetu: anayepaka mwanzoni mwa Desemba atakuwa na paa jeupe miezi yote anayolihitaji, na Aprili likioshwa, jua nalo limefunikwa na mawingu. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Chokaa mbichi yenye maji hula zinki inayokinga bati, kwa hiyo mahali pake ni bati kuukuu lililoshika kutu, ambalo pia ndilo linalofaidika zaidi kwa weupe. Anayenunua mabati mapya atafute yaliyopakwa rangi hafifu kiwandani. Na anayekinga maji ya kunywa amwage maji ya mvua za kwanza, na asiruhusu tangi kujaa mpaka paa lioshwe vizuri.

Pingamizi zito kuliko yote ni mbu. Kila anayesema fungueni nyumba ziingize hewa anasema neno la hatari Tororo, kwa maana hii ni mojawapo ya sehemu ambazo malaria imechunguzwa sana duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Nagongera, iliyo West Budama hiyo hiyo, ilipata nafuu baada ya kugawiwa vyandarua na baada ya kupulizwa dawa majumbani kuanzia Desemba 2014. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na ndiyo maana wajenzi wamefundishwa kuuziba. Wengine huongeza kwamba joto lenyewe lina faida, wakitaja utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2019, ulioonyesha kwamba mbu hawaishi vizuri ndani ya nyumba za bati kwa sababu ya ukali wa joto la mchana. Tuukubali ushahidi huo, kisha tutazame usiku. Nyumba iliyozibwa kila mahali humfanya mtu akitupe chandarua kando, kwa kuwa chandarua hupunguza upepo, na chandarua kilichotupwa kando hakimkingi yeyote. Jibu ni wavu. Mwanya wa upenu, madirisha na yale matundu ya juu yakiwekwa wavu wa waya au wa nailoni uliobana, hewa hupita na mbu hubaki nje. Gambia tena, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu, au dari ya wavu, ziliingiza mbu wachache, na watoto waliopungukiwa damu humo walikuwa wachache kuliko katika nyumba zisizo na wavu. Joto na malaria havishindani. Vinadai fundi yule yule na kazi ile ile.

Hewa ikishapata njia, Petta ina bahati ambayo Juba ya Sudan Kusini haina. Hewa ya nje hapa karibu kila mara ni baridi kuliko ngozi ya mtu, kwa hiyo upepo unaompitia humpoza kweli. Mahali ambapo hewa imepita nyuzi 40, feni haisaidii, humwongezea mtu joto. Hapa feni ndogo ya sola inatosha, na dirisha linalotazamana na dirisha linatosha zaidi. Madirisha yawekwe kaskazini na kusini, ukuta mfupi ndio utazame magharibi, na upande huo uwe na baraza au mti. Mwembe na mfenesi hufanya kazi hiyo vizuri, ikipandwa mbali kiasi cha matawi yake kutoangukia bati wakati wa dhoruba. Januari, hewa ikiwa kavu, shuka iliyoloweshwa na kutundikwa dirishani hupoza chumba kama vile mtungi unavyopoza maji. Aprili haitafanya lolote, kwa kuwa hewa imeshajaa unyevu. Jiko litengwe na nyumba ya kulala, nalo lipewe tundu la moshi kubwa kuliko mafundi wanavyopenda kuacha.

Wanaoumia kwanza kwa joto hili ni watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na wajawazito. Nchini Gambia, wakulima wajawazito 92 walipofuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, mzigo wa joto juu ya mama ulionekana kwenye mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mtu aliyezidiwa na joto, akiongea maneno yasiyoeleweka, akianguka, au ngozi yake ikiwa ya moto mno, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, asinyweshwe chochote iwapo fahamu zimepotea, na safari ya kwenda hospitali ianze huku akiendelea kupozwa.

Mwenye nyumba anaweza kuanza na mkeka mmoja juu ya kitanda cha mtoto. Madarasa hayana mwenye nyumba wa kuyafanyia hivyo. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza Uganda mwaka 1997, madarasa mengi yamejengwa kwa matofali na bati bila dari, na mwalimu anayefundisha saa nane mchana mwezi Februari hufundisha watoto waliochoka kwa joto. Wahandisi wa wilaya, kamati za shule na wafadhili wanaojenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu kati ya Tororo na Busia waandike dari, matundu ya juu na wavu kwenye makadirio ya gharama tangu mwanzo, pamoja na saruji na bati, na wasilipokee jengo ambalo halina vitu hivyo.